Kompyuta ya Salha

Programu ya takwimu ilikuwa imeifanya kompyuta ya Salha kuwa nzito tangu asubuhi, na ripoti yake ilitakiwa saa nane.

"Dada Mwanahawa, hebu nitazamie," alimwomba mwenzake wa ofisini.

Mwanahawa aliinama na kuliona tatizo papo hapo. Mafaili ya miaka yote yalikuwa wazi, yameijaza kumbukumbu. Kuyafunga kungechukua dakika moja. Lakini cheo alichokisubiri yeye miaka sita alikuwa amepewa Salha wiki iliyopita.

"Mashine imechoka tu, mdogo wangu."

"Haya, asante dada."

Salha akatoa daftari na penseli, akaanza kukokotoa kwa mkono, bila kulalamika. Mwanahawa alibaki nyuma ya kiti chake, akitazama jumla ya kwanza ikitoka sahihi.