Ndege Aliyoiacha Baba

Eda ilipoisha, mama alipelekwa zahanati kama wafiwa wote, akaondolewa kumbukumbu za marehemu mumewe. Alirudi uso umekunjuka, akauliza ile ndege ya plastiki juu ya kabati ni ya nani.

"Ni yangu," akajibu binti yake, Mwanaidi. Zamu yake ya kwenda zahanati ilikuwa Ijumaa.

Ndege hiyo ya mfano baba yake alianza kuiunganisha miaka mingi iliyopita, akaugua kabla hajaimaliza. Bawa moja lilikuwa limebanduka, na gundi imegeuka manjano. Mwanaidi alitaka kuimaliza kabla hajamsahau aliyeianza. Akakwangua gundi kwa wembe, akalisugua bawa kwa msasa laini, akaligandisha upya. Mama akaketi kumshikia.

Mwanaidi alipokuwa akipaka mstari mwekundu ubavuni, mama akachungulia kidirisha cha rubani. Ndani mlikuwa na vijitu viwili: rubani, na kando yake mwanamke aliyevaa kanga ya zambarau kama ya mama.

"Aliyevipaka rangi hivi alikuwa na subira," mama akasema. "Ningependa kumjua."

Mwanaidi akaweka brashi chini. "Ijumaa sitaenda, mama."

Mama akamshika bega kwa upole. "Nenda, mwanangu. Mimi sijui walimwondoa nani, lakini tangu siku ile nalala vizuri."

Mwanaidi akachukua brashi, akaumalizia mstari. Mama akainama tena kwenye kidirisha, akakaa akitazama mpaka rangi ikakauka.