Ukungu wa Shengena

Mama Namkunda, jirani yetu wa juu, anadai mashine ya kukusanya ukungu ilipenya jikoni kwake ikanyonya mvuke wote wa makande, maharage yakabaki magumu kama kokoto. Tulicheka, lakini hakuna aliyembishia.

Siku hizi ukungu wa milima yetu ya Upare ni mali ya miji ya tambarare. Ukungu ukishuka kutoka kilele cha Shengena, tunafunga madirisha mpaka upite kwenda kwenye nyavu za kuunasa kule bondeni. Nyumba ikiuingiza ndani, wenye nyumba wanahamishiwa tambarare kwa adhabu.

Bibi ana homa tangu juzi. Zamani alitulea hivyo: mwenye homa alilazwa barazani, ukungu umpanguse uso. Leo ulipofika kuku walinyamaza, naye akafumbua macho.

"We Naelijwa, unalinda dirisha au unanilinda mimi?"

"Nakulinda wewe, bibi. Kule chini kuna joto, hutaliweza."

"Joto si ninalo hapa kitandani? Fungua kidogo tu, mjukuu wangu, nitoe mkono."

Nimeshika komeo. Weupe unapita taratibu nyuma ya kioo, unaelekea bondeni, na bibi bado ananitazama.