Gari na Vyake Vyote

Asubuhi ambayo mke mwenzake angeondoka, mshonaji alipaka wanja kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa. Alifagia uwanja mara mbili, kisha akasimama mlangoni kusubiri lori.

Mke mwenza mwenyewe alikuwa gari. Gari la Kiingereza la zamani, la milango miwili na boneti ndefu, lililoundwa ili wenye nafasi wasafiri mbali bila kuchoka. Mumewe, fundi makanika, alilileta likiwa rundo la kutu, akaapa kwamba ni la miezi mitatu tu: alitengeneze, aliuze. Miezi mitatu ikazaa miaka tisa.

Kilichomchoma mshonaji zaidi ni ile mikono. Chakula fundi alikila na grisi kwenye kucha, lakini kabla ya kuligusa gari alijisugua kwa sabuni mpaka viwiko. Viti vyake vya ngozi alivipaka mafuta kila Ijumaa. Mkewe akilalamika mgongo, aliambiwa apumzike. Gari likikohoa, fundi hakula.

"Unaonea wivu bati, dada yangu?" mdogo wake alimcheka.

"Bati halisemeshwi. Mume wangu nimemsikia kwa masikio yangu akiliambia gari, 'Taratibu, mama.'"

Mwezi uliopita uvumilivu ukamwisha. Akamwambia mumewe achague: gari au yeye. Fundi akainamisha kichwa.

"Basi liuze wewe," alisema. "Mimi ulimi wangu hautaweza."

Mshonaji akaandika tangazo siku hiyohiyo, na wiki iliyofuata akaja mnunuzi, mzee mpole kutoka nchi ya mbali, mwenye magari mengine kama hayo kwake. Hakupiga tairi teke wala kubishania bei. Aliomba tu injini iwashwe.

Ikawaka kwa kutetemeka. Fundi alichukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja akaiweka sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu. Alisikiliza pumzi ya kila moja na kugeuza skrubu kidogo kidogo, macho yamefumbwa, mpaka injini yote ikanguruma kwa sauti moja.

"Kwangu kazi hiyo imewashinda mafundi watatu, na vipimo vyao vyote," mnunuzi alisema. "Wewe nani alikufundisha?"

"Lenyewe," fundi alijibu, akipapasa boneti.

Mshonaji alitazama kiganja kile kikipita juu ya rangi, akauma meno. Hata siku ya harusi hakupapaswa hivyo.

Mnunuzi akamgeukia. "Mama, tuelewane mapema. Tunazungumzia gari peke yake, au pamoja na vyake vyote?"

"Vyote," alidakia. "Spana, vitabu, vipuri, mpaka huo mpira. Chochote ambacho gari haliwezi kuishi bila hicho, kiende nalo. Sitaki kubaki hata na harufu yake."

"Una hakika?"

"Baba, wewe beba tu."

Mnunuzi alimtazama fundi kwa muda. Fundi akatazama viatu vyake, kisha akaitikia kwa kichwa. Mshonaji alimhurumia kidogo, lakini kidogo tu.

Na sasa lori lilikuwa limefika. Gari lilipopandishwa na kufungwa kwa minyororo, mshonaji hakukaa kutazama. Alikimbilia jikoni akiimba, akapika chakula anachokipenda mumewe, akaandaa meza ya watu wawili. Kando ya beseni aliweka kipande kipya cha sabuni, ili leo mikono ile ioshwe kwa ajili yake. Kutoka bafuni alisikia maji yakimwagika muda mrefu, akatabasamu.

Dereva wa lori alibisha hodi, karatasi mkononi. "Saini hapa, mama, kwamba umetukabidhi vyote."

Alisaini kwa mbwembwe, jina refu lenye mkia. Dereva akamwachia nakala, akarudi kwenye lori. Ndipo akasoma kilichoandikwa juu ya saini yake: gari, moja; masanduku ya vipuri, manne; fundi, mmoja.

Alipotoka mbio, lori lilikuwa limeshaondoka langoni. Juu yake, ndani ya gari, mumewe alikaa wima, mikono yake misafi imeshika usukani.