Fagio la Bei ya Ng'ombe

Siku hiyo mjinga alikuwa yeye, fundi wa mafagio, wala hakuna wa kumsingizia. Alitengeneza fagio la uchawi, lile ukiliambia "Haya!" linafagia lenyewe, halafu akalisimamisha kona moja na mafagio ya kawaida. Kwa macho, yote pacha.

Bei alipanga mkewe.

"Bei ya ng'ombe?" fundi aliruka. "Nani atanunua fagio kwa bei ya ng'ombe?"

"Mwenye ng'ombe."

Na kweli. Kabla ya adhuhuri alishuka garini mama mwenye jengo, yule aliyewapangisha duka. Hakuomba hata kupunguziwa. "Ila fundi," alisema akiondoka na fagio lake, "likinidanganya, duka utalihama."

Jioni fundi akajinyoosha. "Haya, mke wangu, tufunge."

Kona ikachakarika. Fagio moja likatoka mbio, likaingia chini ya meza, likaanza kufagia.

Fundi akakaa chini pwata. Mama wa watu kalipa ng'ombe, kabeba njiti!

Mwezi mzima, gari likipunguza mwendo tu, anajificha nyuma ya mafagio. Mama hakuja. Walikuja shoga zake, pua juu, kila mmoja akitaka "kama la mwenzetu, nyumba yake inang'aa!"

"Nyamaza, uuze," mkewe alimnong'oneza.

Fundi akashindwa kunyamaza. Asubuhi moja akalifunga fagio la kweli kwenye shuka, akabisha mlango wa nyuma wa mama. Akafungua dada wa kazi, sare mpya, viatu vipya.

"Mama bado amelala, fundi."

"Afadhali. Dada yangu, nisitiri. Fagio mlilonalo ni la kawaida. Halifagii lenyewe."

"Najua."

"Sasa nyumba anafagia nani?"

"Mimi. Kabla mama hajaamka. Zamani niliitwa mfagiaji, kila mwisho wa mwezi ananitishia kunifukuza. Sasa naitwa mtunza fagio la uchawi. Mshahara umepanda mara mbili, na wageni wananiamkia."

"Lakini dada, ukweli ni ukweli! Hili halihitaji mtu. Haya, tazama mwenyewe…"

Shuka likafurukuta, fagio likachomoza kichwa na kukimbilia mlangoni. Dada akalikanyaga kwa kiatu kipya.

"Tulia wewe! Kazi hii ina mwenyewe."