Mgongo Mweupe

Bi Siwatu alirudi kutoka hospitali mkono wa kulia umelala, mdomo umekwenda upande. Daktari alisema moshi wa kuni umechangia kiharusi: huvutwa kwa pumzi, ukaila mishipa mpaka ya kichwani. Mumewe, Makame, alikuwa amekwisha koroga chokaa apake jiko.

"Subiri nje, mke wangu."

"Kilichopinda ni mdomo, Makame, si maneno. Niingize."

Makame akamshikilia hadi ndani. Ukuta uliokuwa mweupe zamani sasa ulikuwa mweusi tititi, ila pale Bi Siwatu alipozoea kuegemea akipika vitumbua. Hapo palibaki mgongo, mabega, kichwa na fundo la kilemba, vyeupe pee.

Makame akapapasa weupe ule. "Masizi ya hapa yamekwenda wapi?"

Bi Siwatu akajigusa kifua kwa mkono mzima, akacheka upande mmoja. "Yalipata mwenyeji. Nawe ulikuwa ukiuliza tu vitumbua viko wapi."

Makame akaacha brashi, akachukua mtaimbo. Akapiga katikati ya mgongo ule mweupe. Udongo ukamomonyoka, mwanga ukapenya.

"Ongeza," alisema Bi Siwatu. "Lisiwe tundu la panya."

Masizi yakaanza kupeperuka kutoka darini, taratibu, yakiufuata mwanga.