Alama ya Kijani

Alama ya kijani ikawaka kwenye kompyuta, na Kahindo akaondoa vidole kwenye kibodi.

Kila Jumatatu huipima kompyuta ya chama cha akina mama kwa programu ndogo aliyoiandika mwenyewe, isiyo na sahihi ya mtu yeyote, yaani ule muhuri wa kidijitali unaothibitisha programu imetoka kwa nani. Kompyuta iliyo salama huikataa. Leo imeipokea na kuandika: sahihi ni halali.

Sahihi gani? Hakuna sahihi!

Akaibadili programu jina, akajaribu tena. Kijani. Mtu ameingia kwenye mipangilio ya usalama, akaifundisha mashine kumwamini yeyote anayebisha hodi.

Kwenye kifuniko cha kompyuta bado kulikuwa na karatasi ndogo ya kubandika, yenye namba. Wiki iliyopita umeme ulipokatika, aliipeleka kompyuta kuchajiwa kwenye kibanda cha jenereta kule Murara; wakaibandika namba ile, ikalala huko. Akaanza kuikwangua karatasi ile kwa ukucha. Ilitoka nusu.

Akachomoa waya wa intaneti. Ya nini sasa? Wiki nzima ulikuwa umechomekwa, na humo ndani ya kompyuta mna ushahidi wa wanawake dhidi ya watu waliowavamia: majina yao, hata nyumba wanazolala.

Hodi ikapigwa. Akaingia yule mama wa Munigi aliyekataa ushahidi wake kuandikwa tangu mwanzo. Akavuta kiti, akakaza kitenge chake.

"Nimekubali, mutoto wangu," alisema. "Wenzangu wote wako humo ndani. Mimi nibakie inje juu ya nini?"