Butega za Mama Adelaïde

Mkasi wangu ulikata butega ya mwisho. Mama Adelaïde alikuwa amevaa pete hizo za majani yaliyosokotwa toka kifundoni hadi gotini, na sasa zote zilikuwa sakafuni.

Miguu yake ilikuwa minene, yenye alama za damu iliyovilia, lakini nyayo zake zilikuwa nyembamba kama za msichana. Mwaka ule wa 1965 nilikuwa muuguzi mpya wa zahanati. Niliamini pete ndizo zilizomvimbisha.

"Weye mutoto wa masomo," alisema akilia, "hizi njo zilikuwa zinanishika. Sasa nitatembea na nini?"

"Utapona, Mama."

Ndipo bunduki zikalia upande wa Masisi. Wagonjwa wengine wote walikimbilia barabara ya Walikale. Yeye alipiga hatua mbili, akaanguka.

Nilivua koti langu jeupe, nikalipasua vipande, nikaanza kumfunga kifundoni.

"Nakuumiza, Mama?"

"Kaza, mutoto wangu. Kaza sawa zile butega."

Sikujua zilikuwa zimekazwa kiasi gani. Sikuwa nimemuuliza.

Barabara ilikuwa tupu, na kitambaa kilikuwa kimeishia katikati ya mguu wa kwanza.